Ndugu wa Damu, Ndugu wa Imani: Maneno ya Ukoo Katika Maandiko

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Mwanzo 45:8–11, Marko 3:31–35, Marko 7:9–13, Yohana 19:25–27, Matendo 1:12–16.



Wiki hii nataka tukae na maneno ambayo sote tumeyajua tangu utotoni: baba, mama, mwana, binti, ndugu, dada. Ni maneno mepesi. Mtoto akianza kuongea, hayo ndiyo ya kwanza kutoka kinywani. Lakini ukiyakuta ndani ya Biblia yanaweza kukupoteza usipokuwa makini, kwa sababu mahali pengine yanazungumzia damu, na mahali pengine yanazungumzia jambo lingine kabisa.

Na ukikosea hapa, si kosa la darasani tu. Nimeona mzee akikaa kijijini bila dawa ya presha kwa sababu watoto wake wanasema familia yao sasa ni ya kiroho. Nimeona pia wapendwa wanaoitana "ndugu" kila Jumapili, na hakuna anayejua mwenzake anaishi wapi wala anakula nini. Yule wa kwanza ameshika neno la kiroho akatupa la damu. Hawa wengine wanalitumia neno la kiroho kama salamu tu. Wote hawajaelewa jinsi Maandiko yanavyotumia maneno haya.

Jambo ninalotaka ulishike leo ni hili: neno la ukoo likitumika kwa mfano katika Biblia, halifuti ukoo wa damu, wala halipungui uzito. Linakuongezea mzigo wa kubeba. Hebu tulifuate polepole.

1. KISWAHILI CHETU KINATUSAIDIA

Wacha nianze nyumbani. Ukisema "mama mboga," nani anafikiria huyo mama alizaa sukuma wiki? Hakuna. Ukisema "mwanafunzi," "mwanajeshi," "mwanasiasa," humo ndani mna neno mwana, lakini hatuulizi ni nani aliyemzaa. Mwanakwaya hakuzaliwa na kwaya. Tunamaanisha mtu anayehusika na jambo hilo, ambaye limekuwa sehemu ya maisha yake.

Na neno ndugu je? Kuna ndugu wa tumbo moja, kuna ndugu wa ukoo, kuna yule uliyesimama naye kwenye foleni ya matatu ukamwambia, "Ndugu yangu, hebu nisaidie na chenji." Sote tunajua tofauti na hatukosei, kwa sababu tunamwangalia anayesema, tunamwangalia anayeambiwa, na tunaangalia jambo lenyewe.

Sasa, watu wa Biblia walikuwa hivyo hivyo. Agano la Kale liliandikwa karibu lote kwa Kiebrania, na katika lugha hiyo baba ni "av," mwana ni "ben," ndugu ni "akh." Hayo maneno matatu yanabeba mizigo mingi kuliko tunavyodhani. Tukiyasoma yote kama ya damu, tutapotea. Tukiyasoma yote kama mfano, tutapotea zaidi.

2. BABA

Kwanza kuna baba aliyezaa. Isaka ni baba ya Yakobo. Hapo hakuna shida.

Pili, kuna baba kwa maana ya babu au mzee wa zamani wa ukoo. Soma 2 Samweli 9:7. Daudi anamwahidi Mefiboshethi kwamba atamrudishia mashamba ya Sauli, na anamtaja Sauli kama baba yake. Lakini aya iliyotangulia imetuambia wazi kwamba Mefiboshethi ni mwana wa Yonathani. Sauli ni babu yake. Biblia haijajichanganya hapo. Kiebrania cha Biblia hutumia neno lile lile kwa baba na kwa babu. Ndiyo maana pia Wayahudi wa wakati wa Yesu walimwita Ibrahimu baba yao, ilhali zilikuwa zimepita mamia mengi ya miaka.

Tatu, kuna baba kwa maana ya mwanzilishi. Katika Mwanzo 4:20–21 Yabali ni baba yao wanaokaa katika hema na kufuga wanyama, na Yubali ni baba yao wapigao kinubi na filimbi. Haina maana kwamba kila mpiga kinubi ni wa damu ya Yubali. Yeye ndiye aliyefungua njia.

Nne, kuna baba kwa maana ya heshima na uangalizi. Watumishi wa Naamani walimwita baba walipokuwa wakimsihi akaoge Yordani (2 Wafalme 5:13). Elisha alimlilia Eliya kama baba alipochukuliwa (2 Wafalme 2:12), na kabla Elisha hajafa, mfalme Yoashi alikuja akamlilia yeye kwa neno hilo hilo (2 Wafalme 13:14). Ayubu anasema alikuwa baba kwa wahitaji (Ayubu 29:16), na ukisoma sura yote utaona ni kwa sababu aliwatetea na kuwasaidia, si kwa sababu walimpigia makofi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Yusufu. Fungua Mwanzo 45. Yusufu alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30 (Mwanzo 41:46). Ikapita miaka 7 ya shibe na miaka 2 ya njaa. Kwa hiyo hapa ana kama miaka 39. Katika aya ya 8 anawaambia ndugu zake kwamba Mungu amemfanya kuwa baba kwa Farao. Kijana wa miaka 39, baba wa mfalme! Ni wazi kwamba hilo ni neno la cheo: mshauri, msimamizi, mtu ambaye nyumba ya kifalme inamtegemea.

Sasa soma aya inayofuata. Aya ya 9 inaanza na haraka: nendeni kwa baba yangu. Baba gani sasa? Si yule wa cheo. Ni Yakobo, mzee aliyemzaa, aliyebaki kule Kanaani akiwa na njaa. Na katika aya ya 11 anasema atamlisha.

Umeona hapo, mpendwa? Aya mbili zinazofuatana, neno moja, maana mbili. Na Yusufu hakuchanganyikiwa. Hakusema, "Mimi sasa ni baba wa Farao, mambo ya mzee Yakobo yamepita." Ule ubaba wa cheo ndio uliompa mkono wa kumlisha baba wa damu. Akipanda cheo, anakumbuka nyumbani. Mwambie aliye karibu nawe: ukiinuliwa, usimsahau Yakobo.

3. MWANA WA NINI?

Neno mwana katika Kiebrania linafanya kazi karibu sawa na lile "mwana" la mwanafunzi wetu. Linaweza kutaja tabia, hali, kundi, hata umri. Mahali ambapo Biblia yetu inasema Nuhu alikuwa na umri wa miaka 500 (Mwanzo 5:32), Kiebrania chenyewe kinamwita mwana wa miaka 500. Ule mtango wa Yona uliota usiku mmoja na kufa usiku mmoja (Yona 4:10) unaitwa kwa Kiebrania mwana wa usiku. Sauli alipotaka Daudi auawe, alimwita mwana wa mauti (1 Samweli 20:31), yaani mtu anayestahili kufa. Mauti haikumzaa Daudi. Alizaliwa na Yese.

Ukifika Agano Jipya utakuta jambo lile lile. Mitume walimpa Yusufu wa Kipro jina la Barnaba, yaani mwana wa faraja (Matendo 4:36), na ukifuata maisha yake utaona jina lilimfaa: ndiye aliyemshika mkono Sauli wakati wengine walikuwa wanamwogopa. Yesu aliwapa Yakobo na Yohana jina la Boanerge, wana wa ngurumo (Marko 3:17). Lakini aya hiyo hiyo inatuambia ni mwana wa nani kwa damu: Zebedayo, mvuvi. Kwa damu ni wana wa Zebedayo, kwa moto wao ni wana wa ngurumo. Majina yote mawili ni kweli, kila moja mahali pake.

Basi nikupe kipimo rahisi. Ukikuta "mwana wa" halafu kinafuata kitu kisichoweza kuzaa, kama vile amani, upotevu, nuru, au ngurumo, jua ni tabia inayosemwa. Ukikuta "mwana wa" halafu linafuata jina la mtu, angalia kama Biblia mahali pengine imemtaja mzazi mwingine. Yesu anaitwa mwana wa Daudi, lakini Mathayo 1 inakuonyesha vizazi vingi vilivyo katikati. Hapo mwana ni mzao.

Neno mzaliwa wa kwanza nalo liko hivyo. Manase ndiye aliyezaliwa kwanza, Efraimu akafuata (Mwanzo 41:51–52). Lakini katika Yeremia 31:9 Mungu anamwita Efraimu mzaliwa wake wa kwanza. Hapo anazungumzia nafasi na baraka, si siku ya kuzaliwa. Kumbuka hilo ukifika Wakolosai 1:15, mahali Kristo anapoitwa mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote. Wako wanaopita nyumba kwa nyumba wakisema hiyo inamaanisha aliumbwa. Mwambie mgeni wako asome aya inayofuata pamoja nawe: vitu vyote viliumbwa katika yeye. Aliyeumba vyote hawezi kuwa mmoja wa vilivyoumbwa.

4. NDUGU NA DADA

Ibrahimu, alipokuwa bado anaitwa Abramu, alimwambia Lutu kwamba wao ni ndugu (Mwanzo 13:8). Lakini Mwanzo 11:27 inasema Lutu alizaliwa na Harani, ndugu yake Abramu. Kwa hesabu yetu Abramu ni baba mdogo au baba mkubwa, si ndugu. Labani naye alimwita Yakobo ndugu (Mwanzo 29:15), ilhali Yakobo ni mtoto wa dada yake Rebeka, yaani Labani ni mjomba.

Na kuna undugu wa agano. Mfalme Hiramu wa Tiro alimwita Sulemani ndugu (1 Wafalme 9:13), na hawakuwa hata taifa moja. Walikuwa wamefanya mapatano. Watu wa Tiro walipokuja kuuvunja uhusiano wa namna hiyo, Mungu hakulichukua kama jambo dogo la siasa. Katika Amosi 1:9 anatangaza hukumu juu ya Tiro, na shtaka ni kwamba hawakukumbuka agano la kindugu. Sikia hapo, mpendwa. Undugu usio wa damu, na bado Mungu anauliza habari zake!

Katika Kigiriki cha Agano Jipya, ndugu ni "adelphos." Asili ya neno hilo ni mtu mliyetoka tumbo moja. Ndilo neno ambalo Paulo analitumia tena na tena akiandikia makanisa. Anawaandikia Wayahudi na Wayunani, watumwa na mabwana zao, na kwa wote anatumia neno la watu wa tumbo moja. Hakuchagua neno la mbali kama jirani au rafiki. Kwa hiyo ukimwita mtu ndugu kanisani, umesema kwamba mmetoka tumbo moja. Yakobo 2:15–16 inauliza faida yake ni nini, ikiwa ndugu au dada hana nguo wala chakula cha siku na wewe unamwaga kwa maneno mazuri tu.

Nizungumze na vijana wa kiume kidogo. Paulo alimwagiza Timotheo awatendee wanawake vijana kama dada, katika usafi wote (1 Timotheo 5:2). Ukimwita msichana wa kwaya "dada," basi mtendee kama binti wa mama yako. Ukimsindikiza nyumbani usiku baada ya kesha, afike salama. Neno dada si la kufichia kitu. Abramu alilitumia hivyo alipomwogopa Farao, na baadaye mbele ya Abimeleki akajitetea kwamba Sara kweli ni dada yake kwa baba (Mwanzo 20:12). Lilikuwa neno la kweli, lakini lilitumika kuficha ukweli, na nyumba mbili za kifalme zikapata taabu kwa ajili yake.

5. JE, YESU ALIMKANA MAMA YAKE?

Sasa tufike kwenye andiko lenyewe ambalo limesumbua wengi. Marko 3:31–35. Yesu yuko ndani anafundisha, mama yake na ndugu zake wamesimama nje wanamwita. Anawaangalia walioketi kumzunguka, na kusema kwamba yeyote afanyaye mapenzi ya Mungu huyo ndiye ndugu yake na dada yake na mama yake.

Kijana mmoja wa kikundi cha nyumbani aliniletea andiko hilo miezi michache iliyopita. Mama yake hajaokoka, na kila akienda nyumbani kuna maneno. Akaniuliza, "Mwalimu, si Yesu ndiye alisema? Familia yangu ni kanisa. Zile pesa nilikuwa namtumia mama, sasa nataka niziweke kwa ahadi yangu ya ujenzi."

Nilimwambia afungue Marko hiyo hiyo, sura ya 7, aya ya 9 hadi 13. Huko kuna watu waliokuwa na mpango kama wake. Mali ambayo ingewasaidia wazazi waliitangaza kuwa Korbani, yaani sadaka iliyowekwa kwa Mungu, na wakaona wamemaliza. Yesu hakuwasifu kwa utoaji wao. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Bwana aliyesema maneno ya sura ya 3 ndiye aliyesema ya sura ya 7. Kama ya 3 ingekuwa na maana ya kuwaacha wazazi, ya 7 isingeweza kusemwa.

Basi sura ya 3 ina maana gani? Yesu anatumia maneno ya ukoo kwa mfano ili kufungua mlango. Anasema damu peke yake haikupi nafasi katika ufalme, na kukosa damu hakukunyimi. Anaongeza watu mezani. Hakuna mahali aliposema mama yake aondolewe.

Na ushahidi uko msalabani. Yohana 19:25–27. Amepigiliwa misumari, anapumua kwa shida, anabeba dhambi za ulimwengu. Ungesema siku hiyo hana nafasi ya mambo ya nyumbani. Lakini anamwona mama yake, na yule mwanafunzi aliyempenda amesimama karibu. Anamwambia mama kwamba huyo ndiye mwanawe, na anamwambia mwanafunzi kwamba huyo ndiye mama yake. Hapo maneno mwana na mama ni ya mfano, maana mwanafunzi huyo hakuzaliwa na Mariamu. Lakini angalia kilichofuata: tangu saa ile yule mwanafunzi alimchukua nyumbani kwake. Neno la mfano likawa kitanda cha kulalia, sahani ya chakula na mtu wa kumwangalia akizeeka. Yesu alilitumia neno la kiroho ili kutimiza wajibu wa damu.

Wengine huniletea Luka 14:26, mahali Yesu anapozungumzia kuwachukia baba na mama. Linganisha na Mathayo 10:37, ambapo jambo hilo hilo linasemwa kwa njia ya kupenda wazazi kuliko yeye. Na soma Mwanzo 29:30–31: aya moja inasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, na inayofuata inasema Lea alichukiwa. Katika usemi wa Kiebrania, kuchukia kunaweza kuwa na maana ya kuweka nafasi ya pili. Mama yako akikukataza kumfuata Kristo, Kristo ndiye wa kwanza. Hapo hakuna mjadala. Lakini kuwa wa pili si kutupwa nje. Paulo anasema asiyewatunza wa kwake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8). Hakusema "wa nyumbani mwake waliookoka." Tena ile pesa unayomtumia mama ambaye hajaokoka inaweza kuwa mahubiri pekee anayoyasikia kutoka kwako mwezi huo.

6. BABA WA KIROHO: ANALIPA AU ANALIPWA?

Siwezi kufundisha somo hili nikaruka hapa. Siku hizi neno hili la baba wa kiroho limekuwa na nguvu sana katikati yetu. Je, ni la Biblia? Ndiyo, na pia lina mipaka.

Katika Mathayo 23:9 Yesu aliwakataza wanafunzi wasimwite mtu baba duniani. Paulo naye katika 1 Wakorintho 4:15 anawaambia Wakorintho kwamba aliwazaa kwa njia ya Injili. Je, Paulo amemkosea Bwana? Hapana. Soma Mathayo 23 tangu mwanzo uone Yesu anamzungumzia nani: watu wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika wengine, wanaopenda viti vya mbele na kusalimiwa masokoni. Anachokataza ni mtu kuchukua nafasi ya Mungu kwa kutumia cheo cha baba. Na rudi tena Marko 3:35. Yesu alitaja ndugu, dada na mama. Hakumtaja baba. Nafasi hiyo ameachiwa Baba wa mbinguni.

Paulo anatumia neno hilo kwa njia gani? Soma 2 Wakorintho 12:14–15. Anasema si watoto wanaopaswa kuwawekea wazazi akiba, bali wazazi ndio wawawekee watoto, na kwamba yeye yuko tayari kutumia alicho nacho na kutumiwa yeye mwenyewe kwa ajili yao. Soma 1 Wathesalonike 2:7–11, anajifananisha na mama anyonyeshaye na tena na baba, na katikati ya hiyo mifano miwili anakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Soma Filemoni. Anamwita Onesimo mtoto aliyemzaa akiwa kifungoni, na aya chache baadaye anasema kama Onesimo anadaiwa chochote, deni liandikwe kwake Paulo. Huo ndio ubaba wa kiroho wa Biblia. Baba analipa deni la mtoto.

Halafu kuna baba wa aina nyingine. Katika Waamuzi 17:10 mtu mmoja aitwaye Mika anamwajiri Mlawi kijana awe baba na kuhani wake, kwa fedha 10 kwa mwaka, nguo na chakula. Sura ya 18 wanakuja watu wa Dani wanamwambia aje awe baba na kuhani wa kabila zima, si wa nyumba moja tu. Biblia inasema moyo wake ukafurahi (Waamuzi 18:20). Akachukua vitu vya ibada akaondoka nao. Hatusomi kwamba alimuaga Mika.

Msinielewe vibaya. Kuwaheshimu na kuwatunza watumishi ni agizo, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Lakini mtu akikuambia yeye ni baba yako, halafu kwa sababu hiyo akudai uuze ng'ombe wa mzee wako, au akukataze kwenda nyumbani kuzika, pima neno hilo kwa Paulo na kwa Mlawi wa Mika. Utajua uko kwa nani.

7. KUFANYWA WANA

Je, Mungu anapoitwa Baba yetu, ni mfano tu? Mtu anaweza kufikiri kwamba kwa kuwa si damu, basi ni maneno matamu. Paulo aliwaandikia Warumi habari ya kufanywa wana (Warumi 8:15), na watu wa Rumi walijua jambo hilo vizuri. Katika sheria ya Kirumi, aliyefanywa mwana alikuwa mrithi kamili. Yule Kaisari Augusto tunayemsoma katika Luka 2:1 hakuzaliwa na Julius Caesar. Alikuwa mjukuu wa dada yake, akafanywa mwana katika wosia mwaka wa 44 K.K. Akachukua jina, akachukua mali, na hatimaye akatawala. Nani angemwambia Augusto kwamba uwana wake ni wa mfano tu?

Basi usiogope, wewe uliyelelewa bila baba, au ambaye neno baba linakuletea kumbukumbu za viboko na pombe. Uwana uliopewa si wa kuazima. Kristo ni Mwana wa pekee, hakuna wa kulinganishwa naye, lakini wewe umeandikwa kuwa mrithi pamoja naye (Warumi 8:17).

8. CHUMBA KIMOJA CHA JUU

Nimalizie mahali ambapo kanisa letu linapapenda: Matendo 1, siku zile kabla ya Pentekoste. Yohana 7:5 ilisema hata ndugu zake Yesu hawakumwamini. Lakini katika Matendo 1:14 wako ghorofani pamoja na mitume, pamoja na Mariamu mama yake Yesu, wakidumu katika kuomba. Hao ni ndugu wa damu. Kisha katika aya ya 16 Petro anasimama kuhutubia watu kama 120, na anawaita wote ndugu. Neno ni lile lile "adelphos," aya mbili tu zimepita. Kwanza wa damu, halafu wa imani.

Kwa hiyo Roho alipowashukia siku ya Pentekoste, ukoo wote mbili zilikuwa zimeshaomba pamoja. Mariamu hakuachwa nje ya mlango. Wale ndugu waliokuwa wakimdharau hawakuambiwa wamechelewa. Na ninaamini ndugu zako ambao leo wanakucheka bado wana nafasi humo ndani, ikiwa hutawafungia mlango.

Wiki hii nakupa kazi mbili. Kwanza, mpigie simu mtu mmoja wa damu yako ambaye hamjasemezana, hata kama hajaokoka. Pili, mtafute mtu mmoja unayemwita ndugu au dada hapa kanisani na hujui anaishi wapi. Nenda umtembelee. Usiende mikono mitupu.

MASWALI YA KIKUNDI CHA NYUMBANI

1. Soma Mwanzo 45:8–11. Yusufu alitumiaje cheo chake kumsaidia Yakobo? Wewe una nafasi gani leo inayoweza kuwasaidia wa nyumbani kwako?
2. Linganisha Marko 3:31–35 na Marko 7:9–13. Ungemjibu vipi mtu anayesema wokovu umemwondolea wajibu kwa wazazi?
3. Katika kikundi chetu, ni nani tunayemwita ndugu na hatujamtendea kama ndugu? Tutafanya nini kabla ya Jumapili?
4. Soma Filemoni 10–19. Ni alama gani tatu za baba wa kiroho wa kweli unaziona?

MAOMBI

Baba, tunakushukuru kwa wazazi waliotuzaa na kwa nyumba ya imani uliyotupa. Tusamehe tulipotumia jina la mmoja kumkimbia mwingine. Wakumbuke wazee wetu walio mbali na wagonjwa. Waokoe ndugu zetu wa damu. Tufanye wa tumbo moja kweli, si kwa midomo tu. Katika jina la Yesu. Amina.